Mtoto Mgeni Darasani

Leo twataka kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo watu wengi huliona dogo, nalo ni habari ya mtoto ambaye kazi ya wazazi wake humhamisha kutoka shule hata shule. Mtoto wa namna hii hayuko mbali nanyi. Ni mtoto wa askari polisi, wa mwalimu, wa mganga wa zahanati, wa bwana shamba, wa mfanyakazi wa reli, wa mchimba dhahabu, wa mkata mkonge. Mwaka huu yuko hapa, mwakani yuko kwingine. Asubuhi moja huonekana amesimama mlangoni mwa darasa, barua ya uhamisho i mkononi mwake, na watoto sitini wanamtazama.

Watu wakimwona husema, "Mtoto husahau upesi. Juma moja tu, atakuwa amezoea." Maneno haya yamekuwa godoro la kulalia kwa wazazi na walimu wengi. Sisi hatusemi kwamba ni uongo mtupu, maana ni kweli watoto wengi huzoea. Lakini twataka kuonyesha kwamba mtoto hazoei kwa kuwa ameumbwa mgumu kama jiwe. Huzoea kwa kuwa wako watu waliomwezesha kuzoea. Watu hao wakikosekana, mtoto yule yule mwenye akili na afya hushindwa. Hilo ndilo neno letu la leo, na yote yatakayofuata ni maelezo yake.

Watoto wa reli

Twaanza na reli, kwa sababu habari zake twazijua. Reli ya Kati ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912, na Kigoma, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, mwaka 1914. Baadaye likajengwa tawi la kutoka Tabora, likafika Mwanza mwaka 1928. Toka Dar es Salaam mpaka Kigoma ni mwendo wa kilomita 1,250 hivi, na katika mwendo huo wote zilijengwa stesheni, na karibu na stesheni zikajengwa nyumba za wafanyakazi, zile tuzoeazo kuziita kota. Mtu wa reli hana mji mmoja. Barua ikija, hufunga mizigo yake, na watoto wake hupanda gari pamoja na kuku na masufuria.

Sisi tunaosema nanyi tulilelewa katika nyumba hizo. Marehemu baba yetu alikuwa stesheni masta, na katika miaka saba ya shule ya msingi tulisoma shule nne: ya kwanza katika mkoa wa Kigoma, ya pili Tabora, ya tatu Dodoma, na ya nne Morogoro. Hatutaji ni katika shule ipi yalitupata haya tutakayoyasimulia, kwa kuwa yangaliweza kutukia katika yoyote.

Tulifika shule hiyo katikati ya muhula. Siku ya kwanza tulimwomba jirani yetu "karamu" ya kuandikia. Tulikuwa tumekua kati ya watoto wa Kiha, na matamshi yao yalikuwa yametuingia ulimini. Darasa zima likacheka, maana kalamu ni chombo cha kuandikia, na karamu ni wali na nyama. Toka siku hiyo jina letu likawa Karamu. Juma lile lile mwalimu wa hesabu alituita ubaoni tujumlishe nusu na theluthi. Shule tuliyotoka ilikuwa haijafika huko. Tukajumlisha tarakimu za juu peke yake, na za chini peke yake, tukaandika mbili ya tano. Mwalimu akasema, "Huyu alikotoka walimfundisha kuchunga mbuzi." Watoto wakacheka tena. Baada ya hayo tulikaa mwezi mzima pasipo kunyosha kidole.

Nyumbani hatukusema kitu. Baba alipouliza, "Shule yaendaje?" tulijibu, "Yaenda vizuri." Naye akafurahi, akawaambia wenziwe kazini kwamba watoto huzoea upesi.

Aliyetuokoa alikuwa mwalimu wa kike, mtu mzima, aliyefundisha somo jingine. Alitubakiza siku moja baada ya masomo, akatuuliza swali moja tu: "Kule mlikotoka, mlifika wapi?" Tukamjibu, "Tulifika kugawanya kwa tarakimu mbili." Akafunua kitabu cha hesabu, akazihesabu kurasa kwa kidole, akasema, "Basi mwanangu, hukukosa akili. Umekosa kurasa nane."

Akachukua muwa, akautia alama vipande sita vilivyo sawa. Nusu ya muwa ikawa vipande vitatu, theluthi ikawa vipande viwili. Tukavihesabu pamoja, vikawa vitano katika sita. Hapo tukaelewa kwamba nusu na theluthi hazijumlishwi mpaka kwanza zikatwe vipande vya ukubwa mmoja. Kurasa nane zile zilichukua siku nne. Siku ya tano tulinyosha kidole.

Mambo anayoyaacha nyuma

Tangu wakati ule tumefundisha watoto, na sasa twafundisha walimu, nasi tumejitahidi kupambanua ni nini hasa kinachompotea mtoto ahamapo. Twaona mambo manne.

Kwanza, hupotewa na wenziwe. Mtu mzima ahamapo hufuatana na mkewe au mumewe, yaani hubaki na rafiki nyumbani. Mtoto huwaacha rafiki zake wote kwa siku moja, na aghalabu hapati hata nafasi ya kuwaaga.

Pili, hupotewa na mpango wa masomo. Elimu, na hesabu hasa, ni ngazi. Mwenye kuruka vipawa viwili hakosei kwa sababu miguu yake ni mibovu. Hakosei ila kwa kukosa mahali pa kukanyaga. Nchi nzima yaweza kuwa na mtaala mmoja, hata hivyo shule moja hutangulia na nyingine huchelewa, kwa hiyo mtoto ahamaye hukuta somo moja kwa mara ya pili, na somo jingine halikuti kamwe.

Tatu, hupotewa na usemi. Katika jambo hili nchi zetu hazifanani. Nchini Tanzania, tangu mwaka 1967, lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali, ila chache, ni Kiswahili. Kwa hiyo mtoto atokaye Kigoma kwenda Morogoro hukuta vitabu vile vile na lugha ile ile, na kinachobaki cha kuchekwa ni matamshi tu. Lakini akitoka shule ya serikali kuingia shule ya watu binafsi ifundishayo kwa Kiingereza, hukuta mlima. Nchini Kenya kanuni ni kwamba madarasa ya chini hufundishwa kwa lugha ya watu wa mahali pale, kisha hufuata Kiingereza. Nchini Uganda nako, tangu mwaka 2007, madarasa matatu ya kwanza mashambani hufundishwa kwa lugha za wenyeji. Kanuni hizi zina maana njema kwa mtoto akaaye kwao, kwa kuwa hujifunza kusoma kwa lugha anayoijua. Lakini mfikirini mtoto wa Kijaluo wa darasa la pili, ambaye baba yake amehamishiwa Nyeri. Huenda akawa anasoma vizuri sana, lakini herufi alizozijua sasa zasema maneno asiyoyajua.

Nne, hupotewa na heshima yake. Kule alikotoka alijulikana kuwa ndiye mlinda lango hodari, au ndiye mwimbishaji, au ndiye mjukuu wa mzee fulani. Hapa yeye ni "yule mgeni". Hajui maji hutekwa wapi, hajui mwalimu yupi ni mkali, hajui mchezo gani hutangulia mwingine. Vitu hivi ni vidogo, lakini ndivyo vinavyomfanya mtu ajione yuko kwao.

Wataalamu wa nchi nyingi waliochunguza jambo hili wameona kwamba, kwa wastani, watoto wahamao shule mara nyingi hubaki nyuma ya wenzao katika masomo. Ni haki kuongeza kwamba mara nyingine ubaya hautoki katika safari yenyewe, bali katika yale yaliyoleta safari: ufukara, kifo cha mzazi, au ndoa iliyovunjika. Lakini neno "kwa wastani" maana yake si kila mtoto. Wapo wanaosimama. Na swali la maana ni hili: wanasimama kwa nguvu gani?

Nguvu ya mtu mmoja

Swali hili la ustahimilivu wa watoto lilichunguzwa sana katika kisiwa kiitwacho Kauai, mojawapo ya visiwa vya Hawaii, katika Bahari ya Pasifiki. Mabibi wawili wataalamu, Emmy Werner na Ruth Smith, waliwafuatia watoto 698 waliozaliwa katika kisiwa hicho mwaka 1955, tangu kuzaliwa kwao mpaka wakawa watu wazima wenye umri wa miaka 40. Hawakuchunguza habari za kuhama shule. Walitazama shida za maisha kwa jumla. Karibu theluthi moja ya watoto hao walizaliwa katika shida nyingi pamoja: umaskini, ugonjwa wakati wa kuzaliwa, ugomvi nyumbani, ulevi au maradhi ya akili ya wazazi. Wengi wao walipata taabu katika masomo au katika mwenendo. Lakini mmoja katika kila watatu wa watoto hao wenye shida alikua akawa mtu mzima imara, mwenye kazi na upendo.

Wataalamu wale walipotafuta sababu, waliona mambo kadha wa kadha, lakini moja lilijitokeza mara kwa mara. Mtoto aliyesimama alikuwa na japo mtu mzima mmoja asiyebadilika, aliyemjali na kumwamini. Mtu huyo hakuwa lazima mzazi. Mara alikuwa bibi, mara shangazi, mara mwalimu, mara jirani. Wahenga wetu walisema kwamba mkono mmoja haulei mwana, na ni kweli. Lakini habari ya Kauai yaonyesha kwamba ikiwa mikono mingine yote imekosekana, mmoja ulio imara waweza kumshika mtoto asianguke.

Tuchukue mfano wa mtoto mmoja aliyehama kweli, ambaye jina lake mwalijua. Barack Obama, aliyekuwa Rais wa Marekani toka mwaka 2009 mpaka mwaka 2017, na ambaye baba yake alikuwa Mjaluo wa Kenya, alizaliwa Honolulu, katika visiwa vile vile vya Hawaii, mwaka 1961. Mwaka 1967, akiwa na umri wa miaka sita, mama yake alimchukua mpaka Jakarta, mji mkuu wa Indonesia. Huko mtoto alisoma shule mbili, kwa lugha ambayo hakuijua alipofika. Mwaka 1971 alirudishwa Honolulu kukaa na bibi na babu, akaingia shule mpya nyingine. Katika kitabu cha maisha yake alichokitoa mwaka 1995 amesimulia jinsi watoto walivyomcheka siku ya kwanza kwa ajili ya jina lake na kabila la baba yake.

Lakini amesimulia jambo jingine pia. Walipokuwa Jakarta, mama yake hakuwa na fedha za kumpeleka katika shule ya watoto wa wageni. Basi siku tano kila juma alimwamsha saa kumi za alfajiri, akamfundisha Kiingereza kabla yeye hajaenda shule na mama hajaenda kazini. Mtoto alinung'unika na kusinzia, na mama hakuacha. Sisi hatuleti mfano huu ili kusema kwamba mtoto ahamaye atakuwa rais. Hao ni wachache mno. Twauleta ili mwone kwamba shule zilibadilika, nchi zilibadilika, lugha zilibadilika, lakini saa kumi za alfajiri haikubadilika.

Jinsi mche unavyohamishwa

Ninyi mlimao kahawa mwajua jambo hili kuliko sisi. Mche hung'olewa kitaluni ukahamishiwa shambani. Mkulima mjinga huung'oa kwa kuuvuta, mizizi ikabaki mitupu. Mkulima mwenye busara huuchukua pamoja na bonge la udongo wake, huungojea wakati wa mvua, na akiisha kuupanda huutengenezea kivuli mpaka uote majani mapya. Mche ni ule ule. Tofauti i katika mikono ya mkulima. Na wazazi wahamao na watoto twawaambia mambo hayo hayo matatu.

La kwanza ni bonge la udongo. Ziko desturi za nyumbani ambazo zaweza kubebwa: saa ya kula pamoja, hadithi za jioni, sala, siku ya kumwandikia bibi barua au kumpigia simu. Msiziache desturi hizo katika juma la kwanza kwa kisingizio cha mizigo, maana juma la kwanza ndilo mtoto anapozihitaji zaidi. Vile vile msitupe madaftari ya shule ya nyuma. Tumeona wazazi wakiyafungia maandazi. Daftari la zamani ni shahidi wa mtoto, ndilo litakalomwambia mwalimu mpya, "Huyu alifika hapa."

La pili ni kungojea mvua. Si kila mzazi ana hiari ya wakati, kwa kuwa amri ya uhamisho haimngojei mtu. Lakini mwenye hiari, na amhamishe mtoto mwisho wa mwaka wa masomo au mwisho wa muhula, ili aingie pamoja na wengine walio wageni wa darasa lile. Na mwenye kuwa na jamaa wa kuaminika yafaa apime: je, ni heri mtoto wa darasa la mwisho abaki kwa shangazi yake amalize mtihani, au ni heri afuatane na wazazi? Hatuwezi kuwajibia. Wengine waliobakizwa walisoma kwa amani. Wengine waligeuzwa watumishi wa nyumba. Mpimeni shangazi kwanza, ndipo mwamue.

Zaidi ya hayo, mwambieni mtoto mapema. Katika nchi zetu imekuwa desturi kumficha mtoto habari mpaka siku ya kufunga mizigo, kana kwamba yeye ni mmoja wa mizigo hiyo. Mwambieni mwaenda wapi, kwa nini, na lini. Mpeni siku ya kuwaaga rafiki zake na mwalimu wake. Aliyeagana vizuri husafiri na moyo wake. Asiyeagana huuacha nyuma.

La tatu ni kivuli. Katika miezi ya kwanza msimwulize mtoto, "Shule yaendaje?" Swali hilo lina jibu moja tu, nalo ni lile tulilompa baba yetu. Mwulizeni, "Leo wakati wa mapumziko ulikaa na nani?" Jibu la swali hilo litawaambia yote. Ikiwa kwa majuma matatu jibu ni "Peke yangu," nendeni shuleni mkazungumze na mwalimu kwa upole. Na mtoto akianza kuumwa tumbo kila Jumatatu asubuhi, mpelekeni kwa mganga, lakini msisahau kumwuliza kuna nini Jumatatu.

Neno kwa walimu wenzetu

Sasa twasema na walimu, na hapa yatupasa kuungama. Kabla ya kuja chuoni tulifundisha shule ya msingi miaka kadhaa. Mwaka mmoja tulipokea msichana wa darasa la tano, binti wa askari polisi. Shule yetu ilikuwa ya tano kwake. Alikuwa hasemi. Akiulizwa swali alitazama meza. Tulikuwa na watoto wengi na daftari nyingi za kusahihisha, na mwisho wa muhula tuliandika katika ripoti yake neno moja: "Mzito."

Siku chache baadaye mama yake alikuja. Hakuja kulalamika, alikuja kuchukua barua ya uhamisho, kwa kuwa mumewe alikuwa amepata amri nyingine. Alikuwa amechukua kifurushi cha kitambaa, na ndani yake mlikuwa na madaftari ya binti yake ya shule zote nne za nyuma. Akayafungua mezani petu, akasema, "Mwalimu, nimeona ulivyoandika. Mimi sikusoma sana. Naomba unionyeshe uzito wake uko wapi." Tukafunua. Insha zake za darasa la nne zilikuwa nzuri kuliko za watoto wetu wa darasa la sita. Alikuwa hana uzito wowote. Alikuwa amechoka kuanza upya.

Sisi, ambao tuliwahi kuulizwa "Mlifika wapi?" na swali hilo likatuokoa, hatukumwuliza yeye. Tuliirudisha ripoti ile, tukaandika nyingine. Lakini lile neno la kwanza alikuwa amekwisha kulisoma. Kesho yake waliondoka kwa basi la alfajiri, nasi hatukupata nafasi ya kumwomba radhi.

Kwa hiyo sasa, kila mwaka, twawafundisha vijana wetu wa chuo mambo manne, wala hayana gharama. Mtoto mgeni aingiapo, usimwite ubaoni juma la kwanza. Keti naye kando robo saa, utazame madaftari yake, umwulize alifika wapi. Ukiona kurasa alizozikosa, ziandike, nawe umfundishe hizo tu, au umpe mwanafunzi hodari amfundishe. Usimrudishe darasa la chini kwa ajili ya kurasa nane. Mpe mwenzi mmoja, aliye mpole, wa kumwonyesha maji, vyoo, njia na michezo, na umwagize huyo mwenzi kwamba ni kazi yake muhula mzima. Na mara ya kwanza darasa litakapomcheka kwa matamshi yake, usicheke nao, wala usinyamaze. Mwulize mgeni neno hilo kwao hutamkwaje, liandike ubaoni, ulifanye somo. Mtoto ambaye lugha yake imeandikwa ubaoni si rahisi kumdharau.

Neno kwa wanafunzi

Ninyi wanafunzi mlio wenyeji, mwajua methali isemayo kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni huja na kitu. Yule mtoto wa polisi ameona miji ambayo ninyi mwaisoma katika ramani tu. Huenda amevuka ziwa, amepanda gari moshi usiku, amekula samaki msiowajua. Mchukueni katika mchezo wenu siku ya kwanza, msingoje siku ya kumi. Methali nyingine husema kwamba mgeni ni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Watu hudhani ni maneno ya ukali. Sisi twayaona kuwa ya ukarimu pia, kwa sababu aliyepewa jembe amekwisha hesabiwa kuwa mtu wa nyumba ile. Basi mpeni mgeni kazi: apige kengele, abebe chaki, alinde lango.

Na wewe mwanafunzi uhamaye, hatutakuambia kwamba si kitu. Ni kitu, nasi twajua. Lakini twakuambia mambo mawili. La kwanza, ukiwa hujui, tofautisha kutojua na kutofundishwa. Mwambie mwalimu, "Tulikuwa hatujafika hapo." Maneno hayo si aibu. La pili, chukua pamoja nawe jambo moja unaloliweza, likiwa mpira, au kuimba, au kuchora, au bao. Maana hilo halihitaji barua ya uhamisho, na mara nyingi rafiki wa kwanza hupatikana kwa njia hiyo. Sisi tulimpata wetu kwa gololi. Ndiye pia aliyekuwa wa kwanza kutuita kwa jina letu halisi, na kuacha kutuita Karamu.

Wasikilizaji wetu, wakati wetu umekwisha. Muhula mpya unapoanza, amri za uhamisho hutoka, na katika kila wilaya wapo watoto waingiao milangoni na barua mkononi. Hatuwaombi ninyi wazee na walimu fedha, wala jengo, wala vitabu vipya. Twaomba kila mtoto mgeni ampate mtu mzima mmoja wa kuketi naye robo saa, na kumwuliza alifika wapi, na kungojea jibu.

Kwaherini.